Mama kutetemeka mikono: kwetu vilikuwa vidonge vya pumu

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama mama yako aache dawa za pumu kwa vile mikono inamtetemeka. Asiache kwanza, nakuomba. Haya yametupata sisi, Wete.

Bi mkubwa wangu anashona kofia za viua tangu kigori. Siku moja nimemkuta barazani anatunga uzi: kaulowesha mdomoni mara tatu, tundu la sindano halipati, vidole vinacheza. Aliponiona akaficha mikono ndani ya kanga. Niliumia sana. Jirani mmoja kasema kijini, mwengine kasema uzee.

Mimi nikaanza kutazama saa. Akishameza vidonge haupiti muda mikono inaanza, inazidi, halafu inatulia mpaka ameze vyengine. Uzee haungojei dawa.

Tukabeba dawa zake zote kwenye mfuko hadi kwa daktari. Alikuwa akimeza salbutamoli ya miligramu 4 mara tatu kwa siku, na juu yake aminofilini, nayo dawa ya pumu, aliyoandikiwa kwengine. Daktari akatueleza: salbutamoli huifungua njia ya hewa kwa kuamsha vipokezi, yaani vijisehemu vinavyopokea dawa, vya misuli ya mapafu, na vipokezi vya namna hiyo vimo pia kwenye misuli ya mikono. Kidonge kinapita na damu mwili mzima. Kile kimoja tu ni mikrogramu 4,000, na mvuto mmoja wa dawa ya kuvuta ni 100, tena unakwenda moja kwa moja mapafuni. Aminofilini nayo ni jamaa ya kafeini, na mama kahawa ya alasiri haimpiti!

Akabadilishiwa: salbutamoli ya kuvuta anapobanwa, na beklometasoni ya kuvuta kila siku kutuliza uvimbe wa njia ya hewa. Wiki ya pili akatunga uzi mwenyewe.

Wengine humu wametaja valproeti ya kifafa, na lithiamu na haloperidoli za maradhi ya akili. Kweli, nazo hutetemesha. Lakini ya kifafa ukiikata ghafla degedege hurudi, pengine kwa nguvu zaidi. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi akitetemeka huku anatoka jasho, huenda sukari imemshuka, mpimeni; kama hamna kipimo mpeni maji ya sukari hapo hapo, maadamu anaweza kumeza.

Sasa niambie: mama yako anameza vidonge au anavuta? Na mikono inaanza saa ngapi?