Sprei gani kwa modeli yako? Angalia kilichomo ndani ya kopo kwanza

Ukienda dukani kutafuta sprei ya modeli, yaani gari au ndege ndogo ya plastiki unayoiunganisha mwenyewe, rangi ya kifuniko iwe kitu cha mwisho kuangalia. Najua inavuta macho, najua gari lako umeshaliona kichwani likiwa jekundu linang'aa, lakini makopo mawili yenye kifuniko chekundu kilekile yanaweza kufanya vitu viwili tofauti kabisa, moja likakaa vizuri miaka na miaka na lingine likaila plastiki hapohapo unaangalia. Kinachoamua ni thina iliyomo ndani, na kilichotangulia chini yake, na hali ya hewa ya siku hiyo. Nimekuwa nikijenga modeli hapa Dar kwa muda mrefu sasa, nyingi ni magari ya 1/24 (udogo wa mara 24 kuliko gari halisi), na hayo matatu ndo yanayoamua kazi itoke vipi, kuliko hata bei ya kopo.

Tuanze na plastiki yenyewe. Modeli nyingi za kampuni kama Tamiya, Hasegawa, Fujimi au Revell ni polistirini, plastiki ngumu inayokatika kirahisi na inayeyushwa na thina kali. Ile gundi nyembamba ya modeli inashika kwa sababu hiyohiyo, inalainisha pande zote mbili zinaungana zinakuwa kitu kimoja. Sasa sprei nyingi za magari zina thina za aina hiyohiyo, na ukizipiga nzito kwenye plastiki tupu, uso unakwaruka, mistari midogo ya milango inajifuta, na hapo hakuna msasa wa kurudisha. Muuzaji wa hardware atakwambia "hii inapiga kila kitu bosi, chuma, mbao, plastiki" na hadanganyi, yeye anafikiria bampa. Ila bampa za magari nyingi ni polipropilini, hiyo thina haiisumbui, kwa hiyo maneno "kwa plastiki" kwenye kopo hayatoshi.

Kuna familia tatu za kuzijua. Ya kwanza ni laka, ile inayokauka fasta na kunuka kali. Hapa ndo wapo Tamiya TS, sprei za Mr. Color za GSI Creos, na pia sprei nyingi za kugusia magari. Tofauti ni kwamba Tamiya na Mr. Color wamepima nguvu ya thina yao kwa ajili ya polistirini, na matundu yao yanatoa ukungu mwembamba sana. Ya pili ni rangi ya mafuta, taratibu kukauka, ngumu ikishakauka, sprei nyingi za hardware za bei nafuu ni hizi. Ya tatu ni rangi za maji, ambazo mara nyingi utazikuta kwenye vichupa, za brashi au eabrashi (bomba dogo la kupulizia rangi kwa hewa). Na usichanganyikiwe na kopo lililoandikwa akriliki ukadhani ni ya maji, sprei nyingi za magari zimeandikwa hivyo na ndani ni laka kabisa, pua itakwambia ukweli.

Kwa wanaozipata Tamiya, soma herufi. TS ni ya plastiki za modeli za kawaida. AS ni rangi za ndege, nayo inapiga plastiki hiyohiyo. PS ni ya bodi zile laini za uwazi za magari ya rimoti, polikaboneti, zinapigwa kwa ndani, na PS usiipige kwenye modeli ya kawaida kabisa, na TS usiipige kwenye bodi ya rimoti maana itabanduka vipandevipande gari likigonga. Makopo yanafanana sana, ni hizo herufi mbili tu zinakuokoa.

Halafu kuna suala la kuagiza. Usimwambie ndugu anayetoka Dubai au Japani akubebee sprei kwenye begi. Makopo ya rangi yenye gesi inayowaka ni mzigo wa hatari, namba yake ya kimataifa ni UN 1950, abiria haruhusiwi kubeba kwenye begi la mkononi wala la kule chini. Sio suala la kubembeleza mtu kaunta, ni usalama wa watu waliomo ndani ya ndege. Rangi za maji zisizowaka kama Vallejo Model Color hizo ni habari nyingine, lakini sprei zije kwa meli kupitia mtu anayewaambia wasafirishaji kilichomo inavyotakiwa. Kwa hiyo wengi wetu tunaishia kwenye sprei za maduka ya vipuri, na mimi sioni tatizo, mradi ujue kuzipima.

Namna ya kupima ni hii. Nunua vijiko vya plastiki vya sherehe, vile ambavyo ukivikunja vinakatika "ka!" (vinavyopinda bila kukatika ni plastiki nyingine, havitufai). Hivyo vinavyokatika kwa kawaida ni polistirini, ndugu wa modeli yako. Piga sprei kwenye mgongo wa kijiko, nusu moja nyepesi na nusu nyingine ya kulowesha kabisa, acha mpaka kesho yake. Kisha angalia kwa taa ya pembeni, kama uso umekwaruka au kijiko kimepinda kidogo, hiyo sprei haigusi modeli bila praima, ile rangi ya kwanza ya chini. Kwaruza na kucha, kama inatoka kwa maganda, haijashika. Rudia kipimo kwenye kipande cha ile fremu inayoshikilia vipande vya modeli, maana hiyo ni plastiki yenyewe halisi. Vijiko vyangu nimeviandika nyuma kwa peni jina la kopo, praima iliyo chini na tarehe, na ndo vinanisaidia kuchagua rangi kuliko kifuniko chochote, kwa sababu kifuniko mara nyingi hakifanani na kinachotoka.

Praima ndo ukuta kati ya thina kali na plastiki. Praima nzuri za modeli ni kama Tamiya Fine Surface Primer au Mr. Surfacer, ile ya 1000 inaziba mikwaruzo, 1200 na 1500 ni laini zaidi. Ukikosa, praima ya kijivu ya magari inafanya kazi ukiipiga kwa ukungu mwepesi, mkono wa kwanza kama vumbi tu kiasi kwamba plastiki bado inaonekana, unasubiri dakika kumi, mkono wa pili hivyohivyo, ndo unafunika wa tatu. Ukungu mwepesi unafika karibu umekauka, thina haipati muda wa kula. Na kabla ya yote osha vipande kwa maji na sabuni ya maji ya vyombo, kuna mafuta ya kiwandani yamebaki pale na vidole vyako pia, rangi haishiki kwenye mafuta.

Sasa ngoja nitumie gari moja ili hii ieleweke. Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1971, ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, nyekundu yenye boneti nyeusi. Hasegawa wameitoa kwa 1/24, na 240Z ilishinda tena 1973 na Shekhar Mehta, yule mzaliwa wa Uganda aliyekuja kuchukua Safari mara tano. Kwangu mimi hakuna gari la kujenga linalotuhusu zaidi ya hili, limepita kwenye udongo wetu.

Nyekundu ni rangi inayopitisha mwanga, iliyo chini inaonekana. Ukiipiga juu ya praima ya kijivu inapoa, inakuwa kama damu ya mzee, na utajikuta unaongeza mikono kutafuta mng'ao mpaka mistari ya milango inajaa rangi. Piga juu ya nyeupe inawaka, ila kingo na pembe zinabaki kupauka. Juu ya praima ya pinki ndo inakaa sawa, inakuwa na joto na inafunika kwa mikono michache. Tamiya wana praima ya pinki tayari. Ukikosa, piga praima nyeupe na ukungu wa pinki yoyote ya laka juu yake. Njano nayo ni hivyohivyo, usiipige kamwe juu ya kijivu. Kwa nyekundu yenyewe usiamini picha za zamani za 1971, filamu, jua na vumbi vimezibadilisha, piga vijiko vitatu vya nyekundu tofauti, vitoe nje juani, chagua kwa macho yako. TS-8, TS-49 na TS-86 zote ni nyekundu na hazifanani hata kidogo zikiwa pamoja.

Boneti isiwe nyeusi ya kung'aa. Magari ya rali yalipakwa nyeusi pale ili jua lisimrudie dereva machoni, kwa hiyo tafuta nyeusi isiyong'aa au ya nusu mng'ao, TS-6 au TS-29, na hata nyeusi ya mati (isiyong'aa) ya hardware inafaa kama imefaulu kwenye kijiko. Nyekundu iache ikauke vizuri siku kadhaa kabla ya kubandika tepu. Tepu ya karatasi ya kawaida ipunguze ukali kwa kuibandika kwenye kioo na kuibandua kwanza, kisha kwenye ukingo wake piga ukungu kidogo wa nyekundu ileile, ili kama kuna upenyo uzibwe na nyekundu, ndo upige nyeusi. Mstari unatoka kama umekatwa na wembe.

Mpangilio wa matabaka ni hapa watu wanapoumia. Kali chini, pole juu. Laka ikishakauka unaweza kuweka rangi ya mafuta au ya maji juu yake bila shida. Ukigeuza, ukapiga laka juu ya rangi ya mafuta, ile ya chini inavimba na kukunjamana, na hii inatokea hata kama imeshakauka kwa kugusa. Rangi za mafuta zenyewe zina tabia yake, makopo mengi yanakwambia rudia mkono ndani ya saa moja au subiri siku nzima au mbili, na hayo maandishi madogo ni ya kweli kabisa, ukirudia katikati ya huo muda inakunjamana yenyewe kwa yenyewe. Mimi kwa ajili hiyo nimeamua bodi zote za magari ni laka kutoka praima mpaka kliya, lile tabaka la juu lisilo na rangi, na rangi ya mafuta naiweka ikiwa nyembamba kwenye mistari na kwa uchafu wa juu tu.

Hali ya hewa, hapa watu wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar sikilizeni. Thina inapotoka inapoza uso wa rangi, na hewa ikiwa imejaa maji, yale maji yanatua palepale juu ya rangi mbichi, unapata ukungu mweupe. Watu wanalaumu kopo wakati kosa ni saa. Asubuhi pwani unyevu uko juu sana, masika ndo usiseme. Angalia unyevu kwenye simu, ikiwa zaidi ya asilimia 80 mimi sipigi laka hata iweje, chini ya 70 napiga kwa amani, na kwa kawaida hiyo inakuja kati ya saa nane na saa kumi mchana. Upepo wa mchana uukinge kwa boksi kubwa la katoni. Ukungu mweupe ukishatokea usiutie msasa kwa hasira, subiri siku kavu, piga mkono mwembamba wa rangi ileile au kliya, mara nyingi unaondoka.

Nairobi, Arusha au Njombe mwezi wa saba shida ni baridi, rangi inatoka nzito kwa matone, inakauka kama ganda la chungwa. Weka kopo kwenye maji ya uvuguvugu, yale unayoweza kuacha mkono ndani bila kuutoa, dakika chache, kisha tikisa vizuri. Usiliweke jikoni wala juani kwenye gari, makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 50, na likipasuka ni bomu.

Kupiga kwenyewe: tikisa dakika mbili baada ya kusikia gololi inacheza, simama sentimita 20 mpaka 25, anza kubonyeza nje ya gari, pitisha, achia nje ya gari. Ukimaliza geuza kopo juu chini, bonyeza mpaka itoke gesi tupu, tundu halitaziba.

Na jamani barakoa ya kitambaa au ile ya kovidi haizuii mvuke wa thina. Nunua barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, piga nje au mlango wazi, mbali na jiko la gesi na watoto. Kliya ya gereji ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha) inapendeza mno, lakini ina kemikali za isosayanati ambazo zinaweza kukuachia pumu ya maisha, na mafundi wa kweli wanavaa vifaa vya hewa safi kwa ajili yake. Nyumbani tumia kliya ya kopo ya kawaida kama TS-13, na juu ya stika za maji (zile unazoloweka kabla ya kubandika) anza na ukungu mwepesi mara mbili tatu, ukilowesha mara moja stika zinakunjamana.

Ukitaka 240Z yako iwe imetoka porini, kliya ya kung'aa ikauke kwanza, kisha piga kliya ya mati, TS-80 au yoyote, sehemu za chini tu ambako tope linaruka, maana vumbi halishiki kwenye mng'ao. Udongo chukua wa kweli, mwekundu kama wa Voi au mweusi kama wa Athi, uchekeche kwa soksi ya nailoni mpaka ubaki unga, changanya na vanishi ya maji ya mati, gonga kwa brashi kuukuu kuanzia nyuma ya matairi kwenda juu. Tope lianze zito chini, liishie kuwa vumbi karibu na vioo, na boneti iache nyeusi.