Je, von Lettow-Vorbeck alikuwa kama alivyochorwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kitabu kimoja cha historia nimeona bango la Kijerumani la mwaka 1918 linalomwonyesha Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa juu ya farasi, nyuma yake wakifuata askari Waafrika. Maelezo yake yanasema kwamba hakuwahi kushindwa na kwamba askari wake walimtii kwa mapenzi hadi mwisho. Je, hayo ni kweli au ni propaganda?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, bango hilo lilichorwa na Fritz Grotemeyer ili kuwachangia fedha wapiganaji wa makoloni, na upotoshaji wake unaanzia kwa huyo farasi. Sehemu kubwa ya nchi iliyopiganiwa ilikuwa na mbung'o, wanaoambukiza farasi ugonjwa wa kuua, na mwaka 1916 farasi wa vikosi vya Afrika Kusini walikufa kwa maelfu. Katika mji wako wenyewe, Novemba 1914, kamanda huyo aliingia usiku kwa baiskeli kuukagua kabla ya mapigano. Vita ile ilibebwa vichwani na wapagazi, ambao propaganda haikuwapa hadhi ya mashujaa.

Kuhusu kutoshindwa, ni kweli kwamba alishinda Tanga dhidi ya jeshi kubwa zaidi lililotoka India, na kwamba alisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, baada tu ya kupata habari kwamba vita vimekwisha Ulaya. Hata hivyo, koloni alilotumwa kulilinda alikuwa amefukuzwa humo mwaka mzima kabla, alipovuka Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Machi 1919 alipokelewa Berlin kwa gwaride, na mwaka huohuo Mkataba wa Versailles ukaipokonya Ujerumani makoloni yake, huku washindi wakidai kwamba haikustahili kutawala watu wengine. Hapo ndipo sura ya "askari mwaminifu" ilipopata kazi yake kubwa, kwa kuwa waliotaka makoloni yarudishwe walimtumia askari huyo kama ushahidi kwamba Mwafrika aliridhika na utawala wa Kijerumani, ingawa askari wengi walitoroka kadiri vita vilivyoendelea. Waingereza nao waliikuza sifa ya von Lettow-Vorbeck, maana mpinzani hodari alieleza kwa nini walihangaika miaka minne. Mwaka 1929 walimwalika London kwenye karamu, pamoja na Jenerali Smuts wa Afrika Kusini, aliyeongoza majeshi ya Waingereza dhidi yake mwaka 1916.

Kwangu mimi, kipimo cha haki cha jenerali huyo kiko Ugogo, eneo la Dodoma. Huko jeshi lake, na baadaye la Waingereza, lilichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoua maelfu kwa maelfu kati ya 1917 na 1920, wakati jina la jenerali huyo likishangiliwa Berlin.