Kava ya jarida la filamu: jina linafunika uso wa mwigizaji na ikiprintiwa inatoka na ukungu

Mkuu nimekupata, kwenye skrini iko poa ila ikiprintiwa ukungu, na jina la jarida limekaa juu ya kichwa cha mwigizaji. Hilo la ukungu karibu kila mtu limemkuta, mimi nilishawahi kudizaini kava nzima kwa rezolusheni ya 72 (yaani pikseli 72 kwa inchi, chache mno kwa kuprinti) nikaja kuirudia yote.

Fungua faili jipya, kama ni A4 weka 216 kwa 303 mm, yaani 210 kwa 297 ukiongeza mm 3 kila upande za kukatwa, rezolusheni 300. Halafu usichukue kapicha kadogo ka mtandaoni ukakavuta, hakaokoki hako, tafuta picha yenye pikseli kama 2551 kwa 3579 hivi au zaidi.

Jina sasa: dupliketi leya (tabaka) ya picha, ile kopi ipandishe juu ya leya ya maandishi, weka maski (inaficha sehemu za leya bila kuzifuta) ubakize kichwa na mabega tu, basi jina litakaa nyuma ya kichwa. Usitumie raba, maski ukikosea unarudisha. Nywele ndo kazi, tumia brashi laini na usiwe na haraka. Ila kichwa kisimeze herufi nyingi mpaka jina lisisomeke.

Fonti mbili zinatosha bwana. Rangi waulize wachapaji kwanza wanataka CMYK (mfumo wa rangi nne za wino wa kuchapia) ya aina gani, buluu kali huwa inafifia ikiprintiwa. Na kama jarida linauzwa, picha ya mwigizaji iombee ruhusa kwa mpigapicha, ikibidi muone mwanasheria.