Re: Mdogo wangu yuko South Carolina anataka ualimu, kuna skolashipu za watu weusi?
Dada, kama ana grini kadi aanze na Call Me MISTER, ni programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Clemson hukohuko South Carolina mwaka 2000 kutafuta walimu wa kiume weusi wa shule za msingi, wanasaidia ada na vijana wanalelewa kama kundi moja, mi naona hiyo ndo tamu yake kuliko hata hela. Fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, ajaze mapema. Kuna TEACH Grant pia, ruzuku ya serikali kwa wanaosomea ualimu, hadi dola 4,000 kwa mwaka, ila asome masharti aisee, lazima afundishe miaka 4 ndani ya 8 baada ya kumaliza, shule ya watoto wa kipato cha chini, somo lenye uhaba kama hesabu, akishindwa inageuka mkopo na riba wanahesabu tangu siku alipopokea.