Kama ni wito au ni uchovu

Nakuru, Jumatatu usiku

Mwanangu,

Ujumbe wako tuliusoma jana baada ya misa. Umeuliza: "Mama, nitajuaje kama Mungu ananiita utawani, au ni mimi nimechoka tu na Kisumu, na kandarasi za miezi mitatu mitatu, na yale ya yule kijana?" Baba yako alisoma, akairudisha simu mezani bila neno, akatoka kumwagilia sukuma. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Nakujibu mimi kwa sababu niliwahi kukaa huko. Kisa hicho unakijua nusu. Kabla sijaolewa nilikuwa mpostulanti, yaani msichana aliye hatua ya kwanza ya kujaribu utawa, kwa miezi minane, shangazi zangu wote tayari wakiniita Sista. Nilipewa kumhudumia sista mzee aliyepooza miguu. Mlezi akiwa mlangoni nilimwosha polepole huku nikimwimbia. Mlezi akitoka, nilimgeuza kama gunia la viazi. Jioni moja yule mzee akanishika mkono akasema, "Binti, mimi nakujua ukiwa peke yako." Hakunisemea kwa mtu. Wiki mbili baadaye nilifunga sanduku mwenyewe. Nilichokuwa nimependa ni kuitwa sista, na ile shela nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi. Kijijini walisema nimefukuzwa, nikawaacha waseme.

Ndiyo maana sitakuuliza kama unasikia amani ukisali. Hata mimi niliisikia. Nakuuliza hivi: siku mshahara umeingia kwa wakati, mmekula samaki Dunga na wenzako mkacheka mpaka mbavu zikauma, ukirudi chumbani na kuvua viatu, bado unautaka utawa? Kama hamu inakujia siku za mkosi pekee, unatafuta pumziko, na kule pumziko hulipati. Kengele hulia bado giza, na anayekaa karibu nawe mezani hukumchagua.

Tena mashirika hayafanani. Masista wa Asumbi utawakuta darasani na wodini. Wakarmeli wa ndani hubaki nyuma ya ukuta wao wakisali. Wewe ambaye hata kwenye matatu huwezi kunyamaza, hao wa pili sijui. Nenda kwenye zile siku za "njoo uone" ambazo masista huwakaribisha wasichana, sugua nao masufuria, uwatazame wanavyosemezana wakidhani husikii.

Haraka haipo. Ukimaliza upostulanti kuna unovisi, malezi ya kabla ya nadhiri, usiopungua miezi 12. Halafu nadhiri za muda, miaka 3 kwa uchache, mara nyingi hadi 6, ndipo zile za daima. Novisi yuko huru kuondoka, na shirika nalo liko huru kumrudisha kwao. Kwa hiyo si wewe peke yako utakayejua. Wao pia watakuwa wanakutazama, hasa ukiwa hujui unatazamwa.

Jambo lingine, usilicheke: mkopo wa HELB, ule wa serikali uliokusomesha chuo. Sheria ya Kanisa inawakataza wakuu kumpokea mtu mwenye madeni asiyoweza kulipa. Uliza salio lako wiki hii, kabla hujaenda kumwona sista wa miito.

Hili la mwisho ni langu. Nilikuwa nimekuhesabia. Karo ya mdogo wako kuanzia mwakani niliiweka kichwani kwa jina lako, bila kukuuliza. Ukiweka nadhiri ya ufukara, mshahara wako ni wa shirika, na mimi nitatafuta njia nyingine. Niliposoma ujumbe wako, karo ndiyo iliyonijia kwanza, kabla ya Mungu, na nimeona haya. Usikae huko nje kwa sababu yetu. Lakini pia usiingie ukidhani huku nyumbani sote tunaimba aleluya.

Njoo Desemba. Tutapanda kilima cha Subukia kuhiji kwa Bikira Maria, mimi na wewe tu, tuongee njiani.

Baba yako amezungumza leo jioni, hatimaye. Anauliza kama huko kwa masista huwa wanapika omena, maana wewe bila omena hulali.

Mama yako