Mpira wa mkojo si lazima uwe wa kudumu

Dada, umeuliza kama shemeji yako aliyevunjika mgongo kwa ajali ya bodaboda pale Kitonga atalazimika kuishi na mpira wa mkojo maisha yake yote: hapana, halazimiki. Mikono yake ikiwa na nguvu, aombe kufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba safi kila baada ya saa 4 hadi 6, ili mkojo kibofuni usizidi mililita 500, kwa sababu kibofu kinachofurika hurudisha shinikizo kwenye figo na kuziharibu polepole bila maumivu yoyote. Akivujisha katikati ya saa hizo, daktari anaweza kuongeza oksibutinini, dawa inayotuliza misuli ya kibofu.

Kuhusu miguu iliyopooza, hakuna dawa wala mitishamba iliyothibitika kuunganisha uti wa mgongo uliokatika, na nasema hivi kwa uchungu, kwani nafanya fiziotherapia hapa Iringa na nimeona familia zikiuza shamba kwa ahadi hizo. Ikiwa bado anahisi mguso karibu na njia ya haja kubwa, hiyo ni dalili njema kwamba mawasiliano kati ya ubongo na sehemu za chini za mwili hayajakatika yote, hivyo mazoezi yasicheleweshwe.

Angalizo moja: kama jeraha la mgongo liko juu ya usawa wa katikati ya kifua, kichwa kikimuuma ghafla kwa kugonga huku akitokwa jasho usoni, mkalisheni wima, mtoeni mkojo mara moja, na asipotulia mkimbizeni hospitali, maana shinikizo la damu huwa limepanda kwa kiwango cha hatari.