Kompyuta mpya, picha hafifu: je, modi ndiyo dawa?

SWALI: Ndugu Mshauri, shikamoo. Baba yangu ni dereva wa lori la mafuta kati ya Dar es Salaam na Tunduma, nami tangu nikiwa kidato cha pili ninapenda kucheza Euro Truck Simulator 2, gemu la kompyuta la kuendesha malori. Hivi karibuni nilinunua Mwanjelwa kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya GB 4, kumbukumbu ya RAM ya GB 16 na skrini ya 1920 kwa 1080. Gemu pamoja na folda yake yote iliyomo ndani ya Documents nilivihamisha kwa flashi kutoka kwenye kompyuta mpakato ya zamani. Nilitarajia picha safi, lakini vibao vya barabarani havisomeki mpaka nivikaribie, na kingo za miti ni kama zimetafunwa. Rafiki akaniletea modi, yaani mafaili ya nyongeza yanayobadilisha gemu: za hali ya hewa, za lami, za miti na za magari, nikaziwasha zote kwa pamoja. Sasa anga lina rangi ya zambarau na gemu linakwama kila ninapoingia mjini. Ninachotamani ni ukungu na mvua kama tunavyoviona milimani, Kitonga na Mlima Nyoka. Niweke modi zipi?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kabla sijataja modi hata moja, zima zote ulizoziwasha, kwa sababu tatizo lako la kwanza lilikuwapo kabla rafiki yako hajafika na modi zake.

Ndani ya ile folda ya Documents uliyoihamisha mna faili liitwalo config.cfg, ambalo hufunguka kwa Notepad. Humo ndimo gemu linamohifadhi mipangilio ya picha. Likianza kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta, hupima uwezo wa mashine na kujiandikia mipangilio inayofaa; likikuta faili limekwisha kuandikwa, hulifuata kama lilivyo. Kwa kuhamisha folda yote, umeifanya mashine mpya ichore kwa amri za mashine ya zamani. Funga gemu, fungua faili hilo, kisha utafute mistari yenye maneno r_mode_width na r_mode_height. Nakisia utakuta 1366 na 768, ambavyo ni vipimo vya skrini za kompyuta mpakato nyingi za zamani. Picha ya vipimo hivyo ina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 1,049,088, ilhali skrini yako ina nafasi ya pikseli 2,073,600, kwa hiyo picha ndogo huvutwa ili ijaze skrini kubwa, na maandishi ya vibao ndiyo huwa ya kwanza kupotea. Tazama pia r_scale_x na r_scale_y. Namba zake zikiwa chini ya 1, basi gemu linachora picha ndogo hata kuliko hiyo, na ndiyo maana miti yako imetafunwa.

Usilifute faili hilo. Libadilishe tu jina liwe config_zamani.cfg, kisha uwashe gemu lijiandikie jipya. Kampuni yako, malori yako na fedha ulizokusanya vimehifadhiwa katika folda nyingine ya profiles, hivyo havitaguswa, ingawa si vibaya kuinakili folda hiyo mahali pengine kwanza.

Sasa ingia katika mipangilio ya picha ndani ya gemu na utafute kipimo cha asilimia cha ukubwa wa picha inayochorwa. Kipimo hiki ninakipenda kuliko modi nyingi zinazosifiwa. Ukikipandisha juu ya 100, gemu huchora picha kubwa kuliko skrini na kisha kuipunguza, na katika kupunguzwa huko kingo za matawi, nyaya za umeme na vyuma vya pembeni mwa barabara hutulia na kuacha kumetameta. Kikomo chake ni asilimia 400, na kwa skrini yako hiyo ni sawa na kuchora picha ya 3840 kwa 2160, yaani pikseli milioni 8 na ushee kwa kila picha. Kadi ya GB 4 isibebeshwe mzigo huo. Anza na 100, panda hadi 150, na ukiona gari linakwenda bila kusita, jaribu 200. Likianza kusita, usikimbilie kushusha kila kitu. Shusha kwanza ubora wa vioo vya pembeni vya lori, kwa sababu kila kioo huilazimu kompyuta kuichora barabara upya kutoka upande mwingine, na watu wengi huvisahau. Idadi ya magari barabarani, kwa upande wake, huielemea zaidi prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kuliko kadi ya picha, na mjini ndiko magari yaliko mengi.

Ukishafika hapo, endesha safari moja bila modi yoyote. Huenda ukaridhika. Usiporidhika, tuzungumze juu ya modi.

Zile ulizoletewa si za aina moja, wala haziielemei kompyuta kwa kiasi kimoja. Modi ya hali ya hewa hubadilisha picha za anga, rangi ya mwanga, uzito wa ukungu na namna mvua inavyoonekana. Hubadilisha sura ya gemu lote bila kuielemea sana kadi, na kwa haja yako ndiyo ya kuanza nayo. Modi za lami, majani na kuta huleta picha zenye pikseli nyingi zaidi za kufunika vitu, na hapo ndipo kadi yako ilipokwama. Picha ya pikseli 2048 kwa kila upande, ikibanwa kwa kiwango cha kawaida cha baiti moja kwa pikseli, huchukua takribani MB 4 katika kumbukumbu ya kadi. Ya 4096 huchukua MB 16, na mji mmoja huhitaji mamia ya picha za aina zote. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, picha zilizobaki hupelekwa kwenye RAM, ambayo kadi huifikia polepole zaidi, nalo gemu husimama kidogo kila linapozifuata. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja gemu likiwa limefunguliwa, nenda kwenye sehemu inayoonyesha utendaji wa kompyuta, na usome kumbukumbu ya kadi iliyotumika. Ikikaribia GB 4, tafuta modi hiyohiyo katika toleo la 2048. Ukiwa umeketi kwenye usukani na lami inapita chini yako, hutaiona tofauti.

Anga la zambarau nalo lina sababu mbili zinazowezekana. Ya kwanza ni kwamba modi mbili zinagombea mafaili yaleyale ya anga. Katika orodha ya modi za gemu hili, iliyo juu ndiyo inayoshinda iliyo chini yake, hivyo modi ya ramani ikae chini na ya hali ya hewa ikae juu yake, na ya hali ya hewa iwe moja tu. Ya pili ni umri wa modi yenyewe. Gemu hili lilitolewa na SCS Software ya Prague mwaka 2012 na bado linaboreshwa. Mfumo wake wa mwanga ulibadilishwa katika toleo la 1.40, mwaka 2021, na modi za anga zilizotengenezwa kabla ya hapo ziliandikiwa mwanga ambao haupo tena. Soma toleo la gemu lako, kisha upakue modi iliyotengenezwa kwa toleo hilo. Gemu la kunakiliwa mtaani ndilo linalosumbua zaidi hapa, maana haliboreshwi, na mwenye nalo hubaki akiokoteza modi za miaka iliyopita. Aliyelinunua halali kupitia Steam, duka la magemu la mtandaoni, anaweza hata kurudi kwenye toleo la nyuma akipenda.

Washa modi moja, uijaribu, ndipo uwashe nyingine. Ili usisubiri mvua inyeshe yenyewe, fungua config.cfg mpya, weka 1 kwenye g_developer na g_console, kisha ukiwa barabarani bonyeza kitufe kilicho kushoto kwa namba 1 ili ufungue sehemu ya kuandikia amri. Andika g_set_weather 1, na mvua itaanza. Andika g_set_time 6, na itakuwa alfajiri. Nenda ukasimamishe lori katika milima ya Uswisi au Austria, kwa kuwa ramani ya gemu ni ya Ulaya na Kitonga haimo, kisha ulinganishe mahali palepale, saa ileile, modi ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Mambo yakiharibika, faili la game.log.txt, lililo jirani na config.cfg, lina mistari iliyoandikwa neno ERROR, na mara nyingi jina la modi yenye kosa limo humohumo.

Utasikia pia watu wakiisifu ReShade, programu ya bure inayokaa kati ya gemu na kadi na kugusa picha ikiwa imekwisha kuchorwa. Hunoa kingo na kukoleza rangi, lakini kibao ambacho gemu halikukichora vizuri haiwezi kukifanya kisomeke. Iache iwe ya mwisho.

Jambo moja la usalama: modi ya gemu hili huja kama faili la .scs, au faili la kubanwa lenye .scs ndani yake. Ukiletewa inayoishia na .exe, hiyo ni programu, nayo si ya kufunguliwa hata kama aliyekuletea ni ndugu.

SWALI: Mimi natumia kompyuta mpakato mpya yenye kadi nzuri ya picha, lakini gemu hilohilo linakwama hata bila modi. Aliyeniuzia anasema mashine haina ubaya.
Msomaji, Makambako, Njombe

JIBU: Huenda muuzaji anasema kweli. Kompyuta mpakato nyingi za namna hiyo zina kadi mbili, moja ndogo iliyo ndani ya prosesa kwa ajili ya kuokoa betri na moja kubwa kwa kazi nzito, na pengine gemu lako linaendeshwa na ile ndogo. Katika mipangilio ya skrini ya Windows mna sehemu ya michoro ambako unaweza kulichagua gemu kwa jina na kuliagiza litumie kadi yenye nguvu zaidi. Chaji iwe imechomekwa unapocheza, kwa sababu mashine nyingi hupunguza nguvu zikiwa kwenye betri. Na kwa kuwa unaishi Makambako, najua baridi inavyomfanya mtu acheze akiwa kitandani. Blanketi likiziba matundu ya chini, joto hupanda na prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, hivyo jifunike wewe, na kompyuta iweke juu ya ubao.